Redio imesema mvua ni ya wastani, mbona shambani kwangu kumekauka?

Kila msimu wa mvua unapokwisha, malalamiko ya aina moja hutufikia kwa simu na ujumbe mfupi. Tumesoma hewani kwamba mvua za msimu zilikuwa za wastani. Msikilizaji anauliza: wastani wa wapi? Kwake mahindi yamekauka yakiwa yanatoa mbelewele, mbegu ya kurudishia imekwisha, na redio inasema mambo ni ya kawaida. Wengine huuliza kwa hasira zaidi: hao waliopima mvua walipita lini kijijini kwetu?

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko dakika mbili za taarifa ya habari. Jibu fupi ni kwamba namba inayosomwa redioni inaweza kuwa sahihi, na mahindi yako yakawa yamekauka kweli. Hayo mawili hayapingani. Katika makala hii tunaifuata mvua tangu inapoingia kwenye kipimo hadi inapokuwa namba moja ya nchi nzima, ili ukiisikia namba hiyo ujue inakuhusu kwa kiasi gani, na ujue la kuuliza.

Milimita moja ni maji kiasi gani?

Mvua hupimwa kwa kina, si kwa lita. Tukisema imenyesha milimita 20, maana yake ni hii: kama maji yote yangebaki pale yalipoangukia, bila kuzama, kutiririka wala kukauka, yangefunika ardhi kwa kina cha milimita 20, yaani sentimita 2.

Milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi. Kwa hiyo milimita moja tu ya mvua inamwaga kwenye ekari yako zaidi ya lita 4,000, sawa na mapipa 20 ya lita 200. Mvua ya milimita 20 ni mapipa 400 na zaidi kwenye ekari moja. Hakuna kijana wala punda anayeweza kukuchotea maji hayo. Ndiyo maana tofauti ya milimita chache kati ya kijiji na kijiji si jambo dogo.

Saa 3 asubuhi, kila siku

Kipima mvua cha kawaida ni chombo rahisi. Ni mtungi wa bati au shaba wenye mdomo wa duara, uliochimbiwa kidogo ardhini mahali pa wazi. Mdomoni kuna faneli inayopeleka maji kwenye chupa iliyofichwa ndani ili jua lisiyakaushe. Mpimaji huyamimina maji hayo kwenye gilasi nyembamba yenye alama za milimita, anasoma, anaandika, anamwaga, kisha anarudisha chupa mahali pake.

Kazi hiyo hufanyika saa 3 asubuhi, kila siku, iwe Jumapili, iwe sikukuu, iwe mpimaji ana msiba. Inachoonyesha ni mvua ya saa 24 zilizopita. Saa ni moja kwa vituo vyote kwa sababu vipimo vya saa tofauti havilinganishiki. Mvua ya usiku mmoja isipimwe leo kwenye kituo kimoja na kesho kwenye kingine.

Siku hizi kuna pia vituo vinavyojiendesha vyenyewe. Ndani yake kuna vikombe viwili vidogo vinavyocheza kama pembea. Kimoja kikijaa kinapinduka, kingine kinapokea. Kwenye vyombo vingi kila pinduo ni milimita 0.2 ya mvua, na kompyuta ndogo inahesabu mapinduo na kutuma idadi kwa njia ya simu.

Vyombo vyote hivi vina udhaifu. Upepo mkali hupitisha matone juu ya mdomo wa kipimo bila kuingia. Majani na viota vya wadudu huziba faneli. Mti uliokuwa mche wakati kituo kinaanzishwa unakua, na baada ya miaka 15 unakinga mvua. Katika mvua kubwa sana vikombe vya pembea haviwahi kupinduka kwa kasi ya maji, na kipimo kinaonyesha pungufu ya kilichonyesha.

Lipo kosa jingine la karatasi, na ni baya kuliko hayo. Mpimaji asipopima siku moja, anapaswa kuandika kwamba hakupima. Akiandika sifuri, ameandika kwamba mvua haikunyesha. Sifuri na pengo ni vitu viwili tofauti kabisa. Sifuri za uongo zikiwa nyingi, eneo lenye mvua linaonekana kavu kwenye kumbukumbu za nchi, na kosa hilo hubaki humo miaka na miaka.

Vipimo ni vichache, nchi ni kubwa

Hapa Tanzania, mwenye dhamana ya kukusanya vipimo hivi Bara na Zanzibar ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, tuliyoizoea kwa jina la TMA. Kuna vituo vikubwa vyenye watumishi wa hali ya hewa, kama vile vya viwanja vya ndege. Kuna pia vituo vya mvua tu, vilivyowekwa shuleni, misheni, kwenye mashamba makubwa na vituo vya kilimo, ambako mwalimu au bwana shamba hupima kama kazi ya nyongeza.

Hebu tupige hesabu moja. Mdomo wa kipima mvua kimoja cha aina iliyozoeleka una upana wa sentimita 12.7. Ukikusanya vipimo 1,000 vya namna hiyo na kuipanga midomo yake pamoja, eneo lote ni mita za mraba 13 hivi, kama sakafu ya chumba kimoja kidogo. Tanzania ina zaidi ya kilomita za mraba 900,000. Kwa sakafu ya chumba kimoja tunataka kujua mvua ya nchi nzima.

Ingekuwa mvua inanyesha sawasawa kila mahali, isingekuwa taabu. Lakini kila mkulima ameona wingu likinyesha upande huu wa barabara na kuacha upande wa pili vumbi tupu. Mvua zetu nyingi hutoka kwenye mawingu ya radi yanayojengeka mchana, na wingu moja la aina hiyo linaweza kufunika vijiji vichache tu. Kipimo kilicho kilomita 30 kutoka kwako kinaweza kuandika milimita 45 siku ambayo wewe hukupata hata tone.

Milima nayo inaongeza tofauti. Chukua Mkoa wa Kilimanjaro. Miteremko ya kusini ya mlima, juu kwenye msitu, hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Same, ndani ya mkoa huohuo, hupata kama robo ya hiyo. Ukisema "mvua ya Mkoa wa Kilimanjaro" kwa namba moja, umewaweka kwenye sahani moja mwenye migomba na mwenye mkonge.

Ili kuziba mapengo, wataalamu hutumia pia setilaiti. Setilaiti haipimi mvua kama kopo linavyopima. Inatazama mawingu kutoka juu, hasa ubaridi wa vilele vyake, na kutoka hapo inakadiriwa mvua iliyoanguka. Makadirio hayo husahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Ramani za namna hii zinaigawa nchi katika miraba midogo, mingine yenye upande wa kilomita 5 hivi, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni msaada mkubwa pale pasipo na kituo. Lakini mahali ambapo hakuna kipimo cha kusahihishia, makadirio hubaki makadirio.

Kujumlisha na kugawanya hakutoshi

Sasa tuna vipimo. Tunapataje namba moja ya wilaya, mkoa au nchi?

Njia ya kwanza ni ile tuliyofundishwa shule ya msingi: jumlisha vipimo vyote, gawanya kwa idadi ya vituo. Tuitazame kwa mfano wa kubuni. Wilaya moja ina vituo vinne. Vitatu viko mlimani, ambako kuna misheni, shule ya zamani na shamba la chai. Kimoja kiko tambarare. Katika msimu mmoja vituo vya mlimani vimepima milimita 300, 280 na 260. Cha tambarare kimepima 80.

Jumla ni 920. Ukigawanya kwa 4 unapata 230. Ukiisikia namba hiyo utasema wilaya imepata mvua ya kutosha.

Lakini vituo vitatu vya mlimani vinawakilisha eneo dogo, tuseme kilomita za mraba 100 kila kimoja. Kituo cha tambarare peke yake kinawakilisha kilomita za mraba 700. Kwa nini kilomita 700 za ukavu zipewe kura moja, na kilomita 300 za mlimani zipewe kura tatu?

Mwaka 1911 mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Alfred Thiessen, alieleza njia ya kurekebisha jambo hilo, nayo inatumika hadi leo. Kila kipande cha ardhi kihesabiwe kwa kituo kilicho karibu nacho kuliko vingine vyote. Kisha kila kituo kipewe uzito kulingana na ukubwa wa ardhi inayokiangukia. Kwenye mfano wetu, kila kituo cha mlimani kina sehemu moja ya kumi ya wilaya, na cha tambarare kina sehemu saba za kumi. Mlima unachangia 30, 28 na 26. Tambarare inachangia 56. Ukijumlisha unapata milimita 140.

Vipimo ni vilevile, mvua ni ileile, lakini namba imeshuka kutoka 230 hadi 140. Ya pili ni ya haki zaidi kwa wilaya. Zipo njia nyingine za kisasa zinazoingiza pia urefu wa milima na picha za setilaiti, ila wazo ni hilohilo: eneo kubwa lihesabiwe kwa ukubwa wake.

Hata hivyo, itazame hiyo 140 kwa makini. Ni nani wilayani aliyepata milimita 140? Hakuna. Wa mlimani walipata karibu mara mbili yake, wa tambarare wakapata nusu na kidogo. Ni kama kusema wewe umevuna gunia 2 na jirani yako 20, kwa hiyo kwa wastani kila mmoja amevuna 11. Hesabu haina kosa, ila wewe huwezi kula gunia tisa zilizo ghalani kwa jirani.

"Wastani" unalinganishwa na nini?

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanzia, na sisi watangazaji tuna sehemu yetu ya lawama. Neno "wastani" linabeba maana mbili, na mara nyingi tunalisoma bila kusema ni ipi.

Maana ya kwanza ni ile tuliyokwisha kuieleza: mvua ya vituo vingi kuwekwa pamoja kuwa namba moja. Hiyo ni wastani wa mahali.

Maana ya pili ni wastani wa miaka. Wataalamu huchukua mvua za miaka 30 za mahali fulani na kutafuta kiwango chake cha kawaida. Kipindi kinachotumika duniani sasa ni mwaka 1991 hadi 2020. Taarifa ya TMA inaposema mvua zilikuwa "za wastani", inamaanisha hii ya pili. Kwa kawaida kipimo chake ni kwamba mvua iliyonyesha ilikuwa kati ya asilimia 75 na 125 ya kawaida ya mahali hapo. Chini ya asilimia 75 ni "chini ya wastani". Juu ya 125 ni "juu ya wastani".

Kwa hiyo mvua ya wastani si lazima iwe mvua nyingi. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Bukoba hupata takriban 2,000. Milimita 600 Dodoma ni mwaka wa kawaida, mkulima wa mtama na alizeti anavuna. Milimita 600 Bukoba ni balaa, kwa sababu migomba na kahawa za huko zimezoea zaidi ya mara tatu ya hiyo. Neno ni moja, maji ni tofauti.

Angalia pia upana wa hicho kikapu. Kama kawaida ya kwako ni milimita 400 kwa msimu, basi 300 ni wastani na 500 pia ni wastani. Mwenye milimita 300 na mwenye 500 wote wataambiwa neno lilelile redioni. Kwa mahindi ya muda mrefu, milimita 200 hizo katikati ndizo zinazoamua kama utakula au utanunua.

Nusu ya nchi inaweza kukauka na namba isitikisike

Tuweke sasa maana zote mbili pamoja. Tuchukue nchi ya kubuni yenye kanda mbili zenye ukubwa sawa. Kanda ya mashariki kawaida yake ni milimita 400, na safari hii imepata 500. Kanda ya kati kawaida yake ni 200, imepata 100.

Kwa nchi nzima, kawaida ni 300, maana 400 na 200 ukigawanya kwa mbili ni 300. Mvua iliyonyesha ni 500 na 100, nayo ukigawanya kwa mbili ni 300. Asilimia 100 ya kawaida! Mtu akisoma takwimu hiyo ofisini atasema huu ni mwaka mzuri kupindukia. Wakati huohuo kanda ya kati imepata nusu tu ya mvua yake, na watu wa mashariki wanalalamikia mafuriko. Ziada ya mashariki imefunika pengo la kati. Kwa kawaida mwenye mvua nyingi ndiye anayeibeba namba ya nchi, kwa sababu milimita zake ni nyingi. Ukame wa mahali pakavu huonekana mdogo kwenye jumla.

Hii ndiyo sababu taarifa nzuri ya hali ya hewa haiishii kwenye namba ya nchi. Inakwenda kanda kwa kanda na kusema asilimia ya kila sehemu dhidi ya kawaida yake yenyewe. Taarifa hizo huwa na ramani na majina ya vituo. Nasi tunapobanwa na muda tunasoma sentensi ya kwanza tu.

Nchi yetu ina ugumu wa ziada, kwa kuwa haina msimu mmoja. Ukanda wa Ziwa Viktoria, nyanda za juu kaskazini mashariki, pwani ya kaskazini na visiwa vya Unguja na Pemba vina misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Maeneo ya magharibi, kati, kusini na nyanda za juu kusini yana msimu mmoja, Novemba hadi Aprili.

Sasa fikiria namba ya mwaka, Januari hadi Desemba. Kwa mkulima wa Singida au Ruvuma, namba hiyo inakata msimu mmoja vipande viwili. Inachukua mkia wa msimu uliokwisha Aprili na kuuunga na kichwa cha msimu unaoanza Novemba. Ni kama kupima mavuno kwa kuchukua nusu ya gunia la mwaka jana na nusu ya la mwaka huu. Ukisikia "mvua ya mwaka", uliza kama inaeleza msimu wako, au miezi kumi na miwili ya kalenda tu.

Jumla inaficha siku

Hata kama kungekuwa na kipima mvua katikati ya shamba lako, jumla ya msimu isingekueleza kila kitu. Milimita 300 zilizonyesha kwa siku 30, kidogo kidogo, huotesha, hupalilisha na kubebesha mahindi. Milimita 300 zilizonyesha kwa siku sita hubeba mbolea na udongo kwenda mtoni, kisha jua linapiga wiki tatu. Jumla ni moja. Ndiyo maana taarifa za TMA huzungumzia pia mtawanyiko wa mvua na vipindi virefu vya ukavu. Mkulima asikose kusikiliza maneno hayo mawili, hata akilikosa neno "wastani".

Mvua ya kwanza nayo ina hila zake. Waswahili wanasema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvua moja kubwa si dalili ya msimu. Kigezo kimoja kinachotumika sana na watafiti ni kwamba msimu umeanza iwapo zimenyesha milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, na baada ya hapo hakukufuata ukavu mrefu wa siku kumi hivi. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayowaumiza wengi. Milimita 20 zinakuja, watu wanapanda, halafu mbingu zinafunga. Mbegu iliyonunuliwa kwa fedha za kuku na mbuzi inafia ardhini. Miezi mitatu baadaye jumla ya msimu inakuja vizuri, na hakuna mahali kwenye namba hiyo panaposema kwamba ulipanda mara mbili.

Upande wa mvua kubwa ni hivyo hivyo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh, mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wastani wa mwezi wa mkoa mzima hauwezi kukuonyesha asubuhi ile.

Basi kwa nini namba ya nchi inapigwa?

Kwa sababu ina kazi yake. Ukiwa na namba moja ya nchi kwa kila mwaka, iliyopigwa kwa njia ileile, unaweza kuona kama miaka inazidi kukauka au kulowa, na kulinganisha mwaka huu na ule wa Elinino wa 1997 na 1998. Wanaopanga umeme wa mabwawa, bajeti ya chakula na barabara wanahitaji picha pana. Daktari hupima joto la mwili wote kwa kipimajoto kimoja, ingawa kidonda kiko mguuni. Ila hawezi kukuambia mguu umepona kwa sababu joto limeshuka.

Kosa linatokea namba ya nchi inapotumika kuamua mambo ya kijiji. Nani apewe chakula cha msaada, wapi kupelekwe mbegu ya kurudishia, nani hakupata hasara: hayo yanahitaji vipimo vya karibu na watu wa kwenda kutazama mashamba.

Jambo hili linagusa pia mifuko ya wanaokata bima ya mazao inayofuata mvua. Bima za namna hiyo hazitumi mtu kukagua shamba lako. Zinatazama kipimo cha kituo kilichotajwa kwenye mkataba, au mraba wa ramani ya setilaiti. Kipimo kikionyesha mvua ilipungua chini ya kiwango kilichokubaliwa, walio ndani ya eneo hilo wote wanalipwa. Kikionyesha ilitosha, hakuna anayelipwa, hata kama wingu lilikuruka wewe. Kabla hujaweka sahihi au dole gumba, uliza: mvua yangu itapimwa wapi, na hapo mahali ni umbali gani kutoka shambani?

Pima mwenyewe

Kipima mvua cha nyumbani hakigharimu kitu. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, lisiwe pana chini na jembamba juu, na rula ya shule. Kwenye kopo la namna hiyo upana haujalishi: maji yakifika milimita 12 kwa rula, mvua ni milimita 12. Ukitumia chupa ya soda ya plastiki, kata sehemu ya juu na uigeuze iwe faneli. Kwa kuwa chini yake hakuko sawa, weka kokoto, jaza maji hadi chupa inaponyooka, na uchore mstari. Hapo ndipo sifuri yako.

Kiweke mahali pa wazi, kisisogelee mti wala paa. Kama mti una urefu wa mita 5, kaa nao mbali angalau mita 10. Kifunge kwenye kijiti kisipinduliwe na mbuzi au upepo. Soma saa 3 asubuhi, andika kwenye daftari tarehe na milimita, kisha mwaga (wa chupa ya soda arudishe maji hadi kwenye mstari). Isiponyesha, andika sifuri. Ukisafiri na hakuna aliyepima, andika "haikupimwa". Watoto wa darasa la nne wanaweza kazi hii vizuri kuliko sisi wazee tunaosahau.

Daftari hilo halitaingia kwenye wastani wa taifa, kwa sababu vituo rasmi vina masharti yake. Lakini msimu ukija utajua kama mvua ya jana ilikuwa milimita 20 za kupandia au 6 za kukudanganya. Afisa ugani akifika, utamwonyesha tarehe badala ya kumsimulia. Na baada ya miaka michache utakuwa na kitu ambacho hakuna ofisi inacho: kawaida ya shamba lako.

Nasi tunachukua upande wetu wa kazi. Tunapotangaza kwamba mvua ilikuwa ya wastani, tunapaswa kukuambia ni ya eneo gani, ni asilimia ngapi ya kawaida, na siku zake zilitawanyika vipi. Tukisahau, tupigie simu utuulize mambo hayo matatu.